Dhahabu ya Geita ilipoanza kuyeyuka majini

Chuma kikiachwa uani, masika mawili yanatosha kukishika kutu. Dhahabu haina tabia hiyo. Chembe iliyofungwa ndani ya mwamba wa Geita tangu kabla ya mnyama yeyote kuwapo duniani hutoka iking'aa vilevile. Kiini cha atomu yake kina protoni 79, kinazungukwa na elektroni 79, na elektroni hizo haziachiwi kirahisi. Maji na hewa peke yake haviiwezi. Ndiyo maana uchimbaji wa kanda hii, kuanzia Geita hadi Kahama, umefikia kuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya kutafuta namna ya kuibembeleza atomu hiyo iachie elektroni moja, kisha irudishiwe.

Wajerumani waligundua dhahabu Geita mwaka 1898. Mwaka uliotangulia, J. J. Thomson alikuwa ametangaza Uingereza kwamba ndani ya atomu mna chembe ndogo sana yenye chaji hasi, ile tunayoiita leo elektroni. Habari hizo mbili hazikukutana, kwa kuwa njia kongwe ya kupata dhahabu hutegemea uzito tu. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, jiwe jeupe linaloibeba halifiki gramu 3. Kwenye mwalo, yaani mahali pa kuoshea dhahabu, unga wa mawe humwagiwa maji juu ya magunia yaliyotandikwa kwenye ubao ulioinama, mchanga ukaenda na dhahabu ikabaki kwenye nyuzi. Njia hiyo inatumika mpaka sasa, na chembe zilizo laini mno huenda pamoja na mchanga.

Mwaka 1909 Wajerumani walikuwa wakichimba Sekenke, upande wa Iramba, dhahabu ambayo baadaye ilifuliwa sarafu Tabora wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka huohuo, mjini Manchester, Hans Geiger na Ernest Marsden, wakiongozwa na Ernest Rutherford, walirusha chembe zenye chaji chanya kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu. Nyingi zilipenya moja kwa moja. Chache zilirudi nyuma. Mwaka 1911 Rutherford akaeleza sababu: atomu karibu yote ni nafasi tupu, na chaji chanya yote imekusanyika kwenye kiini kidogo katikati. Kwa hiyo kiini cha atomu kilijulikana kupitia dhahabu, jambo ambalo kila mtoto wa Geita anastahili kulijua.

Mgodi wa Geita uliofanya kazi kati ya mwaka 1936 na 1966 ulikuwa mkubwa kuliko yote ya dhahabu Afrika Mashariki. Ulitoa takriban wakia milioni moja. Wakati huo migodi mikubwa duniani ilikuwa imeshahamia kwenye sayanaidi, njia iliyopewa hataza Glasgow mwaka 1887. Watu wengi hudhani sayanaidi inaila dhahabu kama asidi. Sivyo. Kinachoichukua elektroni ni oksijeni ya hewani, na dhahabu ikabaki ayoni yenye chaji chanya moja. Kazi ya sayanaidi ni kuidaka ayoni hiyo papo hapo, mbili kwa moja, isipate kurudi ilikotoka. Kila sayanaidi ina chaji hasi moja, hivyo jumla ni hasi moja, na kitu chenye chaji huyeyuka majini. Kuirudisha, zama hizo walitumia unga wa zinki, metali inayotoa elektroni zake bila kusita.

Mgodi ulipofungwa, mawe hayakuisha. Miaka ya 1980 wachimbaji wadogo walijaa Nyarugusu, Rwamagasa na kwingineko, na pamoja nao ikaja zebaki. Zebaki ni jirani wa dhahabu kwenye jedwali la elementi, namba 80. Hainyang'anyi elektroni, metali hizo mbili hushikana tu, zikawa donge laini. Donge likichomwa, zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 na kupaa, huku dhahabu ikihitaji nyuzi 1,064 hata kuanza kuyeyuka. Mvuke huo hauonekani wala haunuki. Wapo waliochoma ndani ya nyumba wanamolala watoto, na hawakufanya hivyo kwa uzembe: hakuna aliyewaambia kwamba kinachotoweka machoni bado kimo chumbani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020.

Zebaki huacha dhahabu nyingi kwenye marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kuchenjua, na hapo ndipo vati, matangi ya kulowekea, na ilusheni, mitambo ya kuitoa dhahabu, zilipopata kazi. Marudio hulowekwa kwenye sayanaidi yenye chokaa; chokaa ikipungua, sayanaidi hugeuka gesi inayoua. Maji hupitishwa kwenye kaboni, mkaa wa vifuu vya nazi ulioandaliwa kwa joto kali, nayo huinasa dhahabu. Kwenye ilusheni kaboni huoshwa kwa maji ya moto yenye magadi makali, kisha maji hayo huingizwa umeme. Kathodi ni nyuzi za chuma kama zile za kusugulia sufuria. Umeme huzisukumia elektroni, ayoni ya dhahabu ikapata ile iliyoipoteza kwenye vati, na nyuzi zikaanza kujaa tope la metali. Mwanafunzi wa kidato cha tatu wa Katoro, hukohuko Geita, anachora anodi na kathodi ubaoni kwa mfano wa shaba. Naamini angefaidika zaidi kama mwalimu angeanzia hapo jirani.

Ipo hatari moja inayotokana na kemia ileile. Marudio yaliyokwisha kuguswa na zebaki yakiingizwa kwenye sayanaidi, zebaki nayo hupata chaji, huyeyuka na kusafiri na maji. Mkataba wa Minamata unataka zebaki itolewe kwanza.

Tangu mwaka 2019 Geita ina soko la madini. Mkufu au kipande kikiletwa, mashine ya eksirei hung'oa elektroni za ndani za atomu. Nyingine zinapoanguka kuziba nafasi, hutoa mionzi ambayo kila elementi ina yake. Henry Moseley, aliyefanya kazi chini ya Rutherford, ndiye aliyeonyesha mwaka 1913 kwamba mionzi hiyo hufuata namba ya protoni; aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915, akiwa na umri wa miaka 27. Kwa usomaji huo hujulikana dhahabu ni kiasi gani na fedha au shaba ni kiasi gani, na juu ya thamani hiyo mchimbaji hukatwa mrabaha.