Mamlaka ya jamii asilia: Wamaasai walipoitwa taifa huru ili wanyimwe haki

MWAKA 1913, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliamua kwamba Wamaasai walikuwa taifa lenye mamlaka yake, wala si raia wa Mfalme wa Uingereza. Uamuzi huo haukuwafaa kitu. Ndio hasa uliowafungia mlango wa haki.

Chanzo kilikuwa mikataba miwili. Ule wa 1904, uliotiwa saini na Olonana na wazee wengine, uliwahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa, kandokando ya Naivasha na Nakuru, ukawagawa kati ya Laikipia na eneo la kusini. Waingereza waliahidi kwamba makao hayo yangedumu muda wote ambao Wamaasai wangekuwapo duniani. Ahadi hiyo haikufikisha hata miaka minane. Mkataba wa 1911 uliwaamuru waihame Laikipia ili walowezi wapate nafasi.

Parsaloi Ole Gilisho na wenzake waliajiri mawakili wakaishtaki serikali. Majaji walijibu kwamba nchi hii ilikuwa himaya tu, si koloni, hivyo mikataba hiyo ilikuwa mapatano baina ya mataifa mawili, na mahakama haikuwa na uwezo wa kuyachunguza. Ni vigumu kupata mfano mwingine wa watu waliotambuliwa uhuru wao kwa madhumuni ya kuporwa.

Wanaharakati wa leo wanapozungumzia mamlaka ya jamii asilia, hawamaanishi utambuzi wa aina hiyo. Wanamaanisha haki ya watu kujitawala kwa mila zao, kumiliki ardhi ya mababu na kutoa au kukataa ridhaa kabla ya wengine kuitumia. Haki hiyo, wanavyoshikilia, haikutolewa na serikali yoyote. Ilikuwapo kabla ya serikali zenyewe. Wengi wao hawadai bendera wala mipaka mipya.

Hata hivyo, hofu ya kumegwa kwa nchi haikukosekana. Umoja wa Mataifa ulipopitisha Azimio la Haki za Watu Asilia mnamo Septemba 13, 2007, mataifa 144 yaliliunga mkono. Marekani, Kanada, Australia na New Zealand zililipinga, ingawa baadaye zote zilibadili msimamo. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 11 ambazo hazikuegemea upande wowote. Serikali nyingi za Afrika zilikuwa zikiuliza: nani barani humu si mwenyeji? Swali hilo lina uzito, lakini halimjibu mfugaji aliyefurushwa malishoni.

Nchini Kenya, jamii zimetumia zaidi mahakama na vyombo vya Afrika. Waendorois, walioondolewa kandokando ya Ziwa Bogoria kuanzia 1973 ili kutenga hifadhi ya wanyama, walipeleka malalamiko yao mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu. Uamuzi wake, uliotangazwa 2010, uliitaka Kenya iwarudishie ardhi na kuwalipa fidia.

Wamaasai nao waliandamana Agosti 2004, karne moja baada ya mkataba wa kwanza, wakidai Laikipia. Serikali ilikataa, na polisi wakawatawanya kwa gesi ya kutoa machozi jijini Nairobi.

Waogiek wa Mau walipata ushindi mkubwa zaidi Mei 26, 2017, Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilipoamua kwamba serikali ilikiuka haki zao kwa kuwafurusha msituni. Majaji hawakukubali hoja kwamba Waogiek ndio walioharibu msitu. Juni 2022 mahakama hiyo iliamuru walipwe jumla ya Sh157.85 milioni, na ardhi yao ipimwe na kupewa hatimiliki ya pamoja.

Novemba 2023, nyumba za Waogiek zilibomolewa tena katika msitu wa Mau, upande wa Narok.