Nyamaza, Unafundishwa

Niliitazama The Art of Self-Defense nikiwa Embu, kwa simu, usiku. Ni filamu ya mwaka 2019, mwongozaji wake Riley Stearns. Jesse Eisenberg ni mhasibu mwoga anayepigwa barabarani na kundi la watu wenye pikipiki. Anajiunga na darasa la karate. Sensei anamwambia aache Kifaransa, ajifunze Kijerumani. Hata kijibwa chake hakimfai mwanaume. Mwanamke anayewashinda wote hapewi mkanda mweusi, kwa sababu ni mwanamke. Nilicheka sana, mpaka ikajulikana kwamba wale wa pikipiki wanatoka darasa hilo hilo.

Hapo nikanyamaza. Stori hiyo naijua.

Nilitahiriwa Desemba, baada ya darasa la nane, upande wa Meru. Usiku vijana wakubwa walikuwa wanaingia kibandani "kutufundisha". Makofi, matusi, halafu makofi tena. Asubuhi ni wao wao waliotuambia: msiogope, sisi ni kaka zenu, tutawalinda. Mtulinde na nani, bana? Hakuna mwingine aliyekuwa anatupiga.

Kitambo, ugumu huo ulikuwa na kazi. Nthaka wa Meru walilala gaaru, nyumba ya wapiganaji, wakilinda mifugo na kujiandaa kwa vita. Waingereza wakaishinda Embu kwa bunduki mwaka 1906, na kufikia 1908 walikuwa na kituo Meru. Vita vya mifugo vikapigwa marufuku. Kazi ya nthaka ikaisha, somo la maumivu likabaki. Sasa mtu aliyefundishwa kupigana, na vita hakuna, adui atamtoa wapi? Atamtafuta karibu.

Usiku wa 13 Julai 1991, katika shule ya mseto ya St. Kizito, Tigania, wavulana walivamia bweni la wasichana waliokuwa wamekataa kujiunga na mgomo wao. Wasichana 19 walikufa. Zaidi ya 70 walibakwa. Magazeti yalimnukuu mmoja wa viongozi wa shule akisema kwamba wavulana hawakukusudia kudhuru mtu, walitaka kubaka tu.

Wahusika wa Stearns husema mambo ya kutisha kwa sauti ya kawaida, ndiyo maana tunacheka. Tigania hakuna aliyekuwa anaigiza.

Siwezi kusema kibanda ndicho kilichozaa St. Kizito. Lakini Desemba iliyofuata, mimi pia niliingia kibanda cha mwingine usiku. Hakuna aliyenituma. Nilimpiga kijana aliyekuwa mdogo kwangu kwa mwaka mmoja tu. Akaniuliza amekosa nini.

"Nyamaza," nikamwambia, "unafundishwa."

Nilisema kwa upole kabisa, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia.