Mabua ya Tambarare, Maziwa ya Mlimani

Ndugu wanachama, sisi tuliozaliwa katika vihamba vya Kilimanjaro tulilelewa na ng'ombe asiyetoka zizini. Mlimani ardhi ilijaa migomba na kahawa, hasa baada ya ushirika wa KNCU kuundwa mwaka 1933, na pa kuchungia hapakuwepo. Chakula cha ng'ombe kilibebwa kichwani na mama zetu: nyasi, migomba iliyokatwa, na mabua kutoka mashamba ya tambarare.

Huko tambarare wazee wetu hawakupanda mahindi peke yake. Masika yakianza mwezi Machi, walichanganya mahindi na maharage, na sehemu nyingine ngwara. Baada ya mavuno kila kitu kilipandishwa mlimani: mabua, pamoja na mashina na maganda ya maharage. Ng'ombe alikula, samadi ikarudi mgombani.

Leo sababu ya busara ile inajulikana. Mabua makavu huwa na protini ya asilimia 4 hadi 6 hivi, lakini vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe huhitaji kama asilimia 7 ili wayasage vizuri. Ngwara iliyokatwa ikiwa bado kijani na kuanikwa hufikia asilimia 15 au zaidi. Tena mizizi yake hurutubisha udongo kwa naitrojeni ya hewani.

Lakini siku hizi mashamba ya chini yamegawanywa vipande vipande. Wapo wanaopulizia dawa ya magugu inayoua na maharage, na mabua huuzwa palepale shambani au huchomwa moto. Kisha tunanunua pumba kwa bei ya kuumiza, na wazazi wetu waliobaki nyumbani wanaanza kuuza ng'ombe.

Ndiyo maana harambee ya mwaka huu ni ya mambo matatu: mbegu za ngwara, mashine ya kukatakata malisho, na banda la kuyahifadhi hadi kiangazi. Ngwara itapandwa wiki 3 hivi baada ya mahindi, isije ikayasonga.

Wengi wetu tulisomeshwa kwa kahawa ya baba na maziwa ya mama. Kahawa imepungua, maziwa tusiyaache yakauke. Karibuni tuchange.