Karaoke Tanga: Nyimbo rahisi kwa mwanamke anayesema "mimi sina sauti"

Wanawake wengi wa Tanga wameimba tangu utotoni: kaswida madrasa, kwaya kanisani, nyimbo za harusini na za kumcheza mwali. Lakini mtu huyohuyo akipewa kipaza sauti peke yake usiku wa karaoke, anarudi nyuma na kusema hana sauti. Mara nyingi sauti anayo. Alichokosa ni wimbo unaomfaa.

Kuna mambo matatu ya kuangalia kabla ya kuchagua: wimbo uwe karibu na sauti ya kuongea, uwe na kiitikio ambacho ukumbi mzima unakijua, na maneno yake yasimlenge mtu.

Karaoke ilitoka wapi

Neno hili ni la Kijapani, na maana yake ni "okestra tupu": muziki upo, mwimbaji hayupo. Miongoni mwa mashine za mwanzo ni ile iliyotengenezwa na Daisuke Inoue katika mji wa Kobe mwaka 1971. Lengo lilikuwa watu wa kawaida waimbe wakiwa na wenzao, si kutafuta bingwa. Anayekumbuka hilo, hofu inampungua.

Aanze na sauti ya kuongea

Kipimo rahisi ni hiki. Mwanamke aseme jina lake kama anavyomwita jirani, kisha aivute silabi ya mwisho. Hapo ndipo sauti yake ilipo bila kulazimishwa. Wimbo unaozunguka karibu na hapo ni rahisi kwake.

Auimbe wimbo wote mara moja akiwa anaosha vyombo. Akiona kidevu kinapanda na shingo inakaza, wimbo uko juu mno. Sauti ikigeuka pumzi tupu, uko chini mno. Na asipime kwa kiitikio peke yake, maana nyimbo nyingi huanza kwa upole kisha hupanda mwishoni.

Nyimbo za kuanzia

"Jambo Bwana" wa Them Mushrooms. Wimbo huu wa bendi kutoka pwani ya Kenya ulitoka mwaka 1982. Maneno ni machache, yanajirudia, na hakuna sehemu ya kupandisha sauti ghafla. Mwimbaji akisahau mstari, ukumbi utamalizia.

"Tanga Kunani" wa Wagosi wa Kaya. Unamfaa anayeona kuimba kabisa hakuwezi, kwa sababu sehemu kubwa ni ya kughani. Kinachotakiwa ni kwenda na mdundo na kutamka vizuri. Tena ni wimbo wa nyumbani, watu watashangilia kabla hajafika mbali. Aulize kwanza kama mwendesha karaoke ana biti yake.

"Yahaya" wa Lady Jaydee. Ni kisa cha mtu ambaye maisha yake hayaeleweki, na umekaa kama mazungumzo. Anayejua kusimulia habari za mtaani ataumudu. Aufuate kwa sauti yake mwenyewe, asijaribu kumwiga Jaydee.

"Sukari" wa Zuchu. Huu wa mwaka 2021 una kiitikio kifupi kinachorudi mara nyingi. Unapendeza wakiuimba wawili: mmoja abebe beti, mwenzake aingie kwenye kiitikio.

"Malaika". Karibu kila mtu anaujua, iwe kwa Fadhili William au kwa Miriam Makeba. Lakini uwe wa pili au wa tatu, si wa kwanza. Ni wa polepole, na wimbo wa polepole huonyesha kila kasoro ya pumzi. Mwimbaji avute hewa kabla ya kila mstari, na mwisho wa mstari akate mapema badala ya kuburuza.

Za kuziacha kwanza

"I Will Always Love You" wa Whitney Houston umewaaibisha watu wengi. Unaanza kwa kunong'ona, mtu anajidanganya kuwa ni rahisi. Kumbe mbele kiitikio cha mwisho kinapandishwa juu zaidi ya vile vya mwanzo. Anayeupenda sana atafute biti ya mwenye wimbo wake, Dolly Parton, wa mwaka 1974. Huo ni mtulivu zaidi.

Wimbo wa lugha asiyoijua nao aupishe. "Maria Salome" wa Saida Karoli unachezeka kila mahali, lakini una maneno ya Kihaya. Kuucheza ni kitu kimoja, kusoma Kihaya kwenye skrini kwa kasi ya muziki ni kitu kingine.

Nyimbo za wanaume nazo zina mtego. Akiimba pale mwanamume anapoimba, ni chini mno. Akipandisha oktava nzima, ni juu mno. Dawa yake ipo kwenye kitufe kitakachoelezwa hapa chini.

Taarabu: "Huyu anamwimbia nani?"

Tanga ni mji wa taarabu. Black Star na Lucky Star zilivuma hapa, na Shakila Saidi alipitia humo kabla ya kwenda JKT Taarab. Ndiyo maana mwanamke wa Tanga hushawishika kuanza na "Macho Yanacheka" au "Kifo cha Mahaba".

Ugumu upo sehemu mbili. Kwanza, Bi Shakila anaipinda sauti ndani ya silabi moja kwa namna inayoonekana nyepesi mpaka mtu ajaribu. Dawa ni kuimba mstari ulionyooka na kuyaacha madoido.

Pili ni watu. Pwani, wimbo ni maneno ya kumfikia mtu. Kwenye taarabu mtu huinuka kwenda kutuza mstari fulani, na wote wanajua ujumbe umekwenda kwa nani. Kwa hiyo mama akisimama na wimbo wa mipasho, watu hawasikilizi sauti. Wanageuza shingo kumtafuta mlengwa. Wifi yupo? Mke mwenza yupo? Jirani aliyegombana naye wiki iliyopita yupo? Mwenye wasiwasi hahitaji mzigo huo usiku wake wa kwanza. Asome maneno yote kabla, siyo kiitikio tu.

Kingine ni urefu. Nyimbo nyingi za taarabu ya kisasa hupita dakika kumi. Wimbo wa dakika tatu au nne unamtosha anayeanza.

Kitufe cha kushusha na kupandisha

Mashine nyingi na programu nyingi za karaoke za simu zina kitufe kilichoandikwa KEY, au alama za kujumlisha na kutoa. Kila hatua ni nusu toni. Wimbo wa mwanamke mwenye sauti ya juu ushushwe hatua mbili au tatu, ujaribiwe tena. Wa mwanamume upandishwe hatua tatu hadi tano. Mdundo haubadiliki, na hadhira haitambui. Hata waimbaji wa kazi huhamisha nyimbo zikae kwenye sauti zao, si udhaifu.

Atakayepata hatua inayomfaa aiandike kwenye simu pamoja na jina la wimbo, ili amwambie mwendesha karaoke mapema.

Hofu ya kuchekwa

Kuchekwa si jambo dogo. Siti binti Saad, aliyetoka kijijini Fumba, alikejeliwa kwa ushamba wake na kwa sura yake, naye akawajibu kwa wimbo. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Maisha yake yaliandikwa na mwana wa Tanga, Shaaban Robert, kwenye "Wasifu wa Siti Binti Saad".

Si kila anayeshika kipaza sauti atakuwa Siti. Lakini wanaotaka kuimba wanaweza kwenda na mashoga wawili watatu, wakapanda pamoja mara ya kwanza. Kikundi ndicho walichokizoea tangu madrasa na kwaya.

Siku yenyewe

Aombe zamu ya mapema, baada ya mtu wa pili au wa tatu, kabla ya wale mafundi hawajaanza. Kusubiri saa mbili huongeza hofu.

Anywe maji yasiyo ya barafu. Kipaza sauti akishike karibu na mdomo, upana wa vidole vitatu hivi, na asikielekeze kwenye spika, kitapiga mluzi. Akikiweka mbali kwa aibu, ataanza kupiga kelele ili asikike, na hapo ndipo sauti inapasuka.

Akipotea katikati, asisimamishe muziki wala asiombe radhi. Asubiri kiitikio, awageuzie kipaza sauti waliokaa, nao watamrudisha njiani.