BETRI, VISIWA NA MFUKO WETU

Katika kijitabu hiki wengine wameandika juu ya hisa, juu ya kijumbe na michezo yake, na juu ya ile Julai ya 2021 Soko la Kariakoo lilipoungua. Sisi tumeachiwa habari ya betri. Wapo watakaouliza, betri na akina mama wa Kariakoo wapi na wapi? Basi tusikilizane.

Unguja ilipata umeme wa bara mwaka 1980, kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, mpaka Fumba. Waya mmoja tu. Mwezi wa Mei 2008 umeme ukakatika, kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, ukarudi Machi 2010. Miezi mitatu jamani! Giza lenyewe lilikuwa afadhali, koroboi zipo. Taabu ilikuwa maji, maana pampu zinavuta kwa umeme. Wanawake wakarudi kwenye ndoo na visima, na mwenye friji ya samaki akatupa samaki. Wenzetu waliokuwa na vibanda hapa Kariakoo wanawakumbuka wateja wa Unguja wakiulizia jenereta. Lakini jenereta nayo ni mdomo, kila siku inataka mafuta.

Pemba iliunganishwa na Tanga mwaka 2010, na Unguja ikapata waya mkubwa zaidi mwaka 2013 kwa fedha za Marekani. Ilisaidia sana. Ila kisiwa kinachongoja umeme wa ng'ambo bado ni mpangaji.

Jua halihitaji waya wa baharini. Ubaya wake linazama jioni, saa ile ile watu wanapowasha taa. Paneli ya sola ni kama mauzo ya mchana, na betri ndiyo kibubu. Mwaka 2016 kisiwa kidogo cha Ta'u, huko bahari ya Pasifiki, kiliwekewa paneli na betri za kutosha siku tatu bila jua. Mwaka huo huo, hapa kwetu katika Ziwa Victoria, kampuni ya JUMEME iliwasha umeme wa jua na betri kijijini Bwisya, kisiwa cha Ukara, na jenereta ikawekwa pembeni kwa dharura. Baadaye sato wa Ukara waligandishwa kule kule wakaletwa kuuzwa Dar es Salaam. Zanzibar nayo, mradi wa umeme ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021 umeweka mpango wa jua pamoja na betri.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 2019 mwenzetu mmoja alikopa ili ampelekee dada yake sola, kisiwani upande wa Mafia, kwa ajili ya taa za duka na kuchaji simu za watu. Muuzaji akampa betri ya gari. Ile kazi yake ni kuwasha injini, inatoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, halafu injini inaijaza tena. Ukiinyonya usiku kucha mpaka ikauke, inakufa mapema. Hata za sola za maji hazipendi kushushwa chini ya nusu. Dada hakuambiwa. Betri ilikufa mwezi wa tisa, na mkopo ulikuwa wa miezi kumi na minane. Mwenzetu akalipa miezi tisa iliyobaki kwa maandazi, hakukosa marejesho hata mara moja. Tunamheshimu sana kwa hilo.

Ndipo mkutano ukapitisha kwamba mkopo wa betri uishe kabla ya garantii ya betri, na mkopaji aje na karatasi ya duka. Siku hizi kuna betri za lithiamu. Hazitiwi maji, zinavumilia kushushwa zaidi ya nusu na zinadumu zaidi, lakini bei yake inazidi hisa za mama mmoja. Maombi mawili ya namna hiyo yako mezani, yote ya visiwani, na wanachama wameomba wiki mbili zaidi za kuyafikiria.