Mizinga ya Königsberg

Mizinga ya Königsberg ni mizinga kumi ya milimita 105 iliyong'olewa kwenye manowari ya Kijerumani SMS Königsberg katika delta ya Rufiji mwaka 1915, ikaundiwa magurudumu Dar es Salaam na kupigana nchi kavu hadi mwisho wa 1917. Mmoja umehifadhiwa Ngome ya Yesu, Mombasa.

Afrika ya Mashariki ya Kijerumani iliingia Vita vya Kwanza vya Dunia bila kiwanda chochote cha silaha, na Waingereza wakaizingira kwa upande wa bahari. Königsberg, chini ya Kapteni Max Looff, iliizamisha manowari ya Kiingereza HMS Pegasus katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye mikoko ya Rufiji. Huko ilibanwa kwa miezi kadhaa, hadi HMS Severn na HMS Mersey zilipoingia mtoni na kuipiga Julai 1915. Tarehe 11 mwezi huo mabaharia wake waliizamisha wenyewe.

Waingereza waliihesabu kuwa imekwisha. Haikuwa hivyo. Maji ya mto hayakuwa na kina cha kuifunika, na mizinga yote kumi ilitolewa, pamoja na makombora yaliyosalia. Kila mtutu ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja, na kutoka Rufiji hadi Dar es Salaam hakukuwa na reli. Mamia ya Waafrika waliivuta kwa kamba, kwenye tope na mchanga. Vitabu vya vita vimewasifu sana maofisa wa Kijerumani kwa werevu huu; waliovuta kamba hawakuandikwa majina.

Dar es Salaam, karakana ya reli ndiyo iliyogeuzwa kiwanda. Mzinga wa meli hufungwa kwenye sitaha na hauna magurudumu, kwa hiyo mafundi walilazimika kuuundia kigari cha kustahimili mshindo wake na kukokotwa porini.

Kazi kama hiyo ilifanyika pia kwa risasi. Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyotoka Ujerumani na shehena ya silaha, ilishambuliwa katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Shehena iliopolewa, lakini risasi zilikuwa zimelowa. Zilifunguliwa, baruti ikaanikwa, kisha zikafungwa upya. Nyingine bado zilikataa kulia, jambo ambalo askari aliligundua akiwa ameshamlenga adui. Taasisi ya Amani, huko Usambara, nayo iliacha utafiti wa kilimo ikatengeneza kwinini, sabuni na mishumaa.

Mizinga ilitawanywa. Mmoja uliwekwa Kahe, na Wajerumani wakaulipua wenyewe Machi 1916 walipokuwa wakirudi nyuma. Mwingine ulifungwa kwenye meli Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, ambayo baadaye ilizamishwa, ikaibuliwa na kuwa MV Liemba. Kila makombora yalipokwisha au njia ilipoziba, mzinga uliharibiwa na kuachwa. Kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma kuingia Msumbiji Novemba 1917, hakubaki na hata mmoja.

Gharama kubwa ya vita hivyo iliwaangukia wapagazi wa pande zote mbili. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao upande wa Waingereza limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi.

Mabaki ya Königsberg yalikatwa kidogo kidogo kwa ajili ya chuma chakavu hadi miaka ya 1960. Mizinga ya Pegasus nayo iliopolewa bandarini Zanzibar ikatumiwa na Waingereza nchi kavu, na mmoja wake sasa uko Ngome ya Yesu pamoja na ule wa Königsberg. Mizinga mingine ya Königsberg iliyohifadhiwa iko Pretoria, Afrika Kusini, na Jinja, Uganda.