Bwana Afya Aliyekwenda Oxford

Kiongozi wa mtaa akipelekwa ng'ambo kujifunza, wananchi huuliza: ametuletea nini? Swali hilo ni la haki, na historia yetu inalo jibu.

Mwaka 1955 Tom Mboya, aliyewahi kuwa bwana afya wa Halmashauri ya Jiji la Nairobi, alikwenda Chuo cha Ruskin, Oxford, kilichoanzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya watu wa kazi waliokosa elimu ya juu. Kenya ilikuwa katika Hali ya Hatari, na chama cha KAU kilikwisha pigwa marufuku mwaka 1953. Sauti iliyosalia ilikuwa ya vyama vya wafanyakazi.

Mwaka 1956 alizuru Marekani. Wafanyakazi wa huko walitoa dola 35,000 za kujengea makao ya wenzao mjini Nairobi. Mwaka 1957 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1959, kwa juhudi zake na za wenzake, vijana 81 walipanda ndege kwenda vyuo vya Marekani. Na mwaka 1961 Chuo cha Kivukoni, kilichofuata mfano wa Ruskin, kilifunguliwa Dar es Salaam.

Kazini nimesoma taarifa nyingi za safari. Nyingi husifu wenyeji, kisha hulala kabatini. Vijana mlio madarasani, siku mtakapotumwa, kumbukeni kuwa safari ya Mboya ilifungua mlango, wala hakuufunga nyuma yake.